Sentimita tatu za kufika Ngao

Malindi

Shemeji,

Dada yangu amenipigia kunieleza kwamba mmenunua gari la haibridi, Toyota Aqua, kwamba likizo ya Desemba mnakuja nalo kwetu Ngao, Tana River, kumwona mama, na kwamba wewe una swali moja tu kwangu: uliinue kiasi gani? Ujumbe wako wa simu nao niliupata. Kukujibu kwa maneno mawili ningekuwa nakupunja, kwa hiyo keti, waambie watoto wakuletee chai, maana nimetoka huko juzi na gari aina hiyo hiyo na nina mengi ya kusema.

Jibu lenyewe nalitanguliza: sentimita tatu. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road, Nairobi, akikwambia tano, mwambie ahsante uende zako. Na ujue mapema kwamba hizo tatu ni za kuvuka mgongo wa barabara. Mbele ya maji na tope la Tana hazina kazi yoyote, na mtu anayefikiri amenunua Land Cruiser kwa sababu ya vipande vinne vya aluminiamu atalala njiani.

Aqua likitoka kiwandani tumbo lake liko milimita 140 kutoka ardhini. Wenyewe Toyota waliona ni chini kwa watu wengine, ndiyo maana mwaka 2014 wakatoa lile liitwalo X-Urban, ambalo limepandishwa kidogo. Lakini yetu haya ya kawaida yameundwa kwa barabara za Japani, kukata upepo na kubana mafuta, si kufuata njia ya trekta lililobeba maembe. Hapo ndipo shida ya kwetu inapoanza. Lori na trekta zikipita wakati udongo ungali na unyevu huchimba mitaro miwili, na katikati hubaki tuta. Jua likipiga, tuta lile hukauka likawa kama simenti. Probox linapita. Noah linapita kwa kukwaruza kidogo. Aqua linakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia, magurudumu yakielea. Sentimita tatu zinatosha kuvuka tuta la namna hiyo mara nyingi, na pale zisipotosha utapanda kwa gurudumu moja juu ya mgongo na jingine ukingoni mwa njia, taratibu, ukiwa umeshusha abiria.

Kazi niliifanyia hapa hapa Malindi, kwa fundi aliyezoea teksi na magari ya hoteli. Nilibaki pale mpaka mwisho, na wewe nakuomba ubaki, kwa sababu gari la haibridi si gari la kumwachia mtu funguo ukaenda kula. Likiwa kimya na taa ya READY inawaka, injini yaweza kunguruma yenyewe wakati wowote betri ikitaka chaji, na hapo fundi yuko chini, mkono umeingia mahali usipofaa kuwa. Fundi wangu alilizima, akautia ufunguo mfukoni mwake, akaenda kuuweka mbali kabisa kwenye kabati la spana. Moyo wangu ukatulia. Kisha akamwita kijana wake, akamwonyesha zile nyaya nene za rangi ya chungwa zinazopita chini ya sakafu, kutoka kwenye betri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma hadi kwenye inveta huko mbele. Akamwambia, "Hapa jeki haigusi, stendi haigusi, hata kidole chako." Betri ile ni ya volti 144, na inveta huzipandisha mpaka zaidi ya 500. Si mchezo.

Mbele, springi na shoki zimefungwa pamoja kuwa mguu mmoja, na mguu huo umeshikwa kwenye bodi kwa nati tatu. Kwenye Aqua nati hizo zimejificha chini ya ile plastiki ya waipa, kwa hiyo kazi huanza kwa kung'oa waipa. Ukiona hivyo usianze kupiga kelele kwamba unapotezewa muda, ndiyo njia yenyewe. Akiisha kuzifikia, huufungua mguu, huushusha, kisha huingiza spesa ya milimita 30 kati ya mguu na bodi, akakaza kwa boliti ndefu zaidi. Uzuri wa spesa ya namna hii ni kwamba springi haiguswi. Ulaini wa gari unabaki ule ule, na hakuna haja ya kuibana springi kwa skurubu, kazi ambayo ikiteleza inavunja taya la mtu.

Nyuma ni hadithi nyingine. Kule springi imekaa peke yake na shoki peke yake, na mafundi wengi huingiza raba chini ya springi wakaiacha shoki kama ilivyokuwa. Gari linainuka, mteja anafurahi, analipa. Siku ya pili akipita tuta la barabarani anasikia "tok!" nyuma, tena "tok!", anaanza kutafuta bushi iliyokufa. Bushi haina kosa. Shoki imekwisha kuvutwa karibu na mwisho wa urefu wake, kwa hiyo gurudumu likishuka kidogo tu shoki inagonga mwisho. Dawa ni kuirefusha shoki nayo kwa kipande cha chuma pale inaposhikwa chini, au kununua shoki ndefu. Muulize fundi wako swali hilo kabla hujamwambia chochote kuhusu bei. Akikukodolea macho, nenda kwa mwingine.

Sasa, kwa nini si tano? Waya za breki na usukani zina lao, lakini sababu yangu kubwa ni ekseli za mbele, zile fimbo zinazotoka kwenye gia kwenda magurudumuni. Zimekunjika kwenye viungo vilivyofunikwa kwa raba yenye mikunjo, na ndani mna grisi. Ukiinua bodi, gia inapanda lakini gurudumu linabaki chini, kwa hiyo kiungo kinakunjika zaidi, muda wote, hata kwenye lami. Fundi alipomaliza kufunga upande wa kushoto, gari likiwa bado juu ya stendi na gurudumu linaning'inia, aliniita nishike. Nilipolizungusha kwa mkono nilihisi mikunjo ya raba ikisuguana yenyewe kwa yenyewe upande wa chini, na upande wa juu imevutika hadi inang'aa. "Hapa ndipo mwisho," akasema. "Gari likisimama chini itapumzika kidogo. Ukiongeza, raba itapasuka kabla ya mwaka, mchanga uingie, uanze kusikia tak-tak-tak ukipiga kona." Kwa hiyo tatu, shemeji. Mafundi waangalifu niliozungumza nao wote wanaishia hapo.

Ukitaka nyongeza ndogo, ipate kwenye matairi. Kama yako ni ya 175/65 rimu 15, ukifunga 185/65 utapanda milimita sita na nusu bila kugusa kitu kingine, na utapata ukuta mnene zaidi wa tairi, ambao kwetu una faida kuliko hizo milimita. Saa ya spidi itadanganya kidogo: ikisoma 80 wewe uko karibu 82. Hakikisha tu usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi halikwaruzi plastiki ya ndani.

Chini ya injini niliweka bamba la chuma, nikaacha tundu la kumwagia oili na matundu ya hewa. Yale mabamba ya plastiki yaliyokuja na gari yameshikwa kwa klipu, na mgongo wa barabara huyachota kama mwiko, klipu zikaruka moja moja mpaka unaburuta sanduku la mchanga. Kisha alaimenti. Usiondoke bila alaimenti, kwa sababu gari likiinuliwa magurudumu ya mbele huacha kutazama mbele sawasawa, na utakula matairi mapya kwa mwezi. Gharama yote, mbali na matairi, ni kama mbuzi mzuri wa mnada wa Garsen. Mbuzi mzuri, sikusema kondoo. Mwisho wa yote, mpigie wa bima umwambie umebadilisha, ili siku ya ajali asipate pa kushikia.

Basi tukaondoka. Ukitoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, halafu Gongoni na Marereni ambako chumvi imerundikwa vilima vilima vyeupe mpaka macho yanauma. Barabara ni lami hadi Garsen na unaweza kusahau kabisa kwamba umebadilisha kitu. Utakumbushwa na upepo. Pale panapokuwa wazi, upepo wa pembeni ukipiga, gari linayumba kuliko zamani, na kona za kasi zinataka heshima. Mafuta nayo yameongezeka kidogo, si sana. Hata hivyo bado ni gari la kwenda na kurudi bila kutafuta pampu njiani, na kwa barabara ya vituo vichache hiyo si faida ndogo. Ndiyo maana sikubaliani na watu wa Garsen walioniambia niuze ninunue Probox.

Minjila utasimamishwa na polisi, ni kawaida, kwa sababu hapo ndipo njia ya Lamu na njia ya Hola na Garissa zinapoachana. Uwe na kitambulisho na tabasamu. Garsen yenyewe imekua. Kahawa, nyama ya mbuzi, chai ya maziwa ya Waorma ambayo kijiko kinasimama, na wachuuzi wa maembe kila upande msimu wake. Tangu lami ya Lamu, Witu na Garsen ikamilike, kilomita 135 zile, magari ya chini yamejaa mji. Wazee wanakumbuka mabasi ya Lamu yalivyokuwa yakilala njiani kwenye tope, abiria wakipika kando ya barabara. Nilipoegesha tu, kijana wa bodaboda aliinama akachungulia chini ya gari langu, akainuka akaniuliza, "Mzee, hii imevaa viatu?" Nikamwambia ndiyo, vya sentimita tatu. Akacheka, akaniambia, "Ya hapa inataka gambuti."

Ukiiacha lami kuelekea Tarasaa na Ngao, punguza. Nazungumzia kilomita 20 kwa saa, na pengine chini ya hapo. Hapa haibridi ina raha ambayo wenye magari ya kawaida hawaijui. Kwa mwendo huo mdogo gari huenda sehemu kubwa kwa umeme, mota inavuta kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na wewe unaweza kulisogeza kidole kwa kidole juu ya mgongo bila kuchoma klachi, kwa kuwa halina klachi. Utulivu wake lakini una kero. Ng'ombe wa Waorma hawalisikii. Wanatembea katikati ya njia, pembe hizo, na Aqua linatambaa nyuma yao likilia kale kambinja kake kembamba ambako ng'ombe anakaona kama mbu. Nilipiga honi, fahali mmoja akageuka, akanitazama, akaendelea na safari yake. Mchungaji, kijana wa Kiorma na fimbo mabegani, ndiye aliyeniokoa kwa mluzi mmoja. Kundi lote likapasuka mara mbili na mimi nikapita katikati. Usimkasirikie mtu barabarani huko, shemeji. Mifugo ilikuwapo kabla ya barabara, na ugomvi wa malisho na mashamba kati yetu Wapokomo na wenzetu uliwahi kumwaga damu nyingi mwaka 2012. Simama, salimu, ngoja.

Halafu vumbi. Hili nataka ulisome mara mbili, kwa sababu watu wanahangaika na urefu wa gari wakasahau kitu kitakachowagharimu zaidi. Betri kubwa imekaa chini ya kiti cha nyuma, na joto lake hutolewa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, hewa ile ile mnayovuta nyinyi. Pembeni ya kiti, chini, utaona matundu madogo. Ukifungua madirisha kwenye vumbi la Tana River, vumbi linaingia mle, linaganda kwenye wavu na kwenye mapezi ya feni, betri inapata joto, taa inawaka kwenye dashibodi, na uko mahali ambapo mwenye mashine ya kuisoma hayupo. Kwa hiyo madirisha juu, kiyoyozi kiwake, hewa izunguke ndani kwa ndani. Usione uchungu wa mafuta: kiyoyozi cha gari hili kinaendeshwa na umeme, na joto la Garsen unalijua kwa sifa. Kabla ya safari mwambie fundi ang'oe kiti cha nyuma apulize feni kwa kompresa, na ukirudi apulize tena. Na mama akikupa magunia ya maembe, kama atakavyokupa, usiyaegemeze kwenye yale matundu.

Magunia hayo yana jambo jingine. Springi za Aqua ni laini. Wewe, dada, watoto watatu, na maembe ya Ngao nyuma: zile sentimita tatu ulizolipia utaziona zimerudi zilikotoka, angalau upande wa nyuma. Wakati wa kurudi ndipo nilipogusa mgongo wa barabara, si wakati wa kwenda. Weka mzigo mzito karibu na katikati ya gari, au ukodi bodaboda mmoja wa kubeba maembe mpaka kwenye lami. Mimi nilifanya hivyo na sikuona haya.

Tuliokua na mbio za magari za Safari tunapenda kusema haibridi si gari la vumbi. Basi tazama Naivasha mwaka 2022: magari ya daraja la juu yote yalikuwa haibridi, yenye mota ya umeme ya kilowati 100, na Kalle Rovanperä akashinda na Toyota, nyuma yake Toyota nyingine tatu. Bila shaka wale wana mafundi wanaolishughulikia gari kila siku, na vumbi la Kedong, huko huko Naivasha, liliwatoa jasho hata hao. Lakini ukweli unabaki: umeme wenyewe hauogopi barabara mbovu. Kinachoogopa ni matundu ya hewa, raba za ekseli na plastiki za chini.

Na matairi. Mathenge, shemeji! Ule mti uliopandwa huku kwa nia njema, wa kuni na wa kuzuia jangwa, sasa umekula kando zote za barabara, na mwiba wake unapenya tairi kama sindano ya gunia. Ukikwepa mgongo kwa kupanda ukingoni, ndipo unapoukanyaga. Aqua mengi yanakuja bila tairi la akiba. Fungua boneti ya nyuma utakuta kichupa cha gundi na pampu ndogo. Kwa tundu moja dogo ile gundi yaweza kukusogeza, lakini kwa mwiba wa ubavuni haifai kitu. Nunua rimu na tairi kamili, ulibebe, hata kama litakula nafasi ya begi la dada. Atanuna mpaka Mambrui tu.

Tope ndilo lililonifanya nikuandikie barua badala ya ujumbe. Kabla ya kufika Ngao kuna bonde dogo ambalo lilikuwa bado na unyevu, udongo ule mweusi wa mfinyanzi. Juu umekauka na kupasuka, chini ni uji. Nilishuka nikautembea kwa miguu kwanza, na viatu vyangu vikawa na unene wa ziada wa sentimita zaidi ya tatu, bila fundi. Mbele yangu Probox lilikuwa limeshika kasi, likayumba kushoto, kulia, dereva akalikanyagia mafuta, magurudumu yakarusha tope hadi kwenye paa, na likatoka. Ukifanya hivyo na Aqua, haliendi. Magurudumu yakianza kuteleza, kompyuta inakata nguvu. Unakanyaga mafuta mpaka chini na gari linakutazama tu. Limeundwa hivyo kusudi, kulinda mota na gia, kwa sababu gurudumu likizunguka ovyo kisha likashika ardhi ghafla, kitu chaweza kuvunjika ndani. Kuna hali ya matengenezo ambayo mafundi huiwasha kwa kukanyaga pedali kwa mpangilio fulani, ikaondoa ulinzi huo, na kuna vijana watakaokuonyesha. Ni ya kupimia gari gereji. Usivukie tope nayo. Gia ya haibridi hutaipata Garsen, hata Malindi utaambiwa ungoje.

Kwa hiyo nilifanya kama walivyofanya wazee na malori yao: tulikata matawi makavu, tukayalaza kwenye mitaro yote miwili, tukapunguza upepo wa matairi ya mbele, abiria wakashuka, na nikapita kwa mwendo mmoja bila kukanyaga wala kuachia. Akina mama waliokuwa wakitoka shambani walisimama kutazama. Mmoja akasema gari limepita kama mtu anayetoroka nyumba ya watu usiku.

Sasa nije kwako mwenyewe, mtu wa Murang'a. Mnapopata mvua nzuri huko Aberdare na Mlima Kenya, mnamshukuru Mungu na kupalilia chai. Sisi tunaanza kuhamisha kuku. Mto huu una urefu wa kama kilomita 1,000, na kinachoteremka kutoka kwenu kinapita mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla ya kuiona Garissa. Masinga ikijaa na kumwagika, na nyingine zikafuata, maji yanakuja kwetu siku kadhaa baadaye chini ya anga safi isiyo na wingu. Ndiyo sababu mgeni anadanganyika. Anatazama juu, anaona jua, anasema barabara imekauka, twende. Asubuhi anakuta njia aliyopita jana ni ziwa.

El Niño ya 1997 na 1998 iliharibu hata mashamba ya mpunga ya TARDA, mitaro na kingo zake zote, mradi wa serikali uliogharimu fedha nyingi. Novemba 2023 maji yalifunika barabara ya Lamu kati ya Gamba na Lango la Simba, lami mpya kabisa, mabasi yakasimama, watu wakavushwa kwa mashua. Hapo sentimita tatu ni nini? Hata malori yalisimama. Na kwa haibridi maji yana hatari yake: betri iko chini ya kiti, karibu na sakafu. Kanuni yangu ni kwamba maji yakifika katikati ya rimu narudi nyuma, na maji yoyote yanayotembea, hata ya kifundo cha mguu, siyaingii. Sijali nani amepita mbele yangu.

Desemba basi ni mwezi wa kubahatisha. Vuli huwa bado inamwagika kwenu au imekwisha juzi tu. Ungeniuliza mimi, ningesema Februari, au Agosti na Septemba baada ya masika kukauka. Lakini shule ni shule, likizo ni Desemba, na mama anawangoja. Fanya hivi. Siku tatu kabla ya kuondoka nyumbani Ruiru sikiliza habari za mabwawa. Wenye mabwawa hutangaza yanapokaribia kumwagika. Halafu nipigie, nami nitampigia binamu aliye Garsen atazame mto pale darajani Idsowe. Mto ukiwa umeshiba, mtafika Garsen kwa raha, gari mtaliacha uani kwa binamu chini ya mwembe, na mtamalizia kwa bodaboda, au kwa mtumbwi kama njia nayo imezama. Watoto hawatakumbuka kitu kingine chochote cha likizo hiyo. Najua itakuuma kuliacha gari uliloliinua kwa pesa zako, lakini ndivyo wenye Land Cruiser wanavyofanya pia, ila hawasemi.

Nyumbani wote wazima. Mama anatembea, analalamika goti, anauliza habari zenu kila siku na anaamini Aqua ni aina ya boti. Nimemwacha na imani yake. Aliwaimbia wajukuu ile bembelezi ya Kipokomo ambayo mwaka 1963 walichukua sauti yake wakatengeneza wimbo wa taifa, na mtoto wangu mdogo akasimama wima mkono kifuani kama yuko gwaride la shule. Bibi akakasirika: mtoto anaimbiwa alale, yeye anasimama!

Mengine ya haraka. Lete koleo fupi, kamba ya kuvutia, na ile ndoano ya kuvutia inayofungwa mbele kwa kuzungusha, mara nyingi iko kwenye mfuko wa jeki chini ya zulia la boneti ya nyuma. Hakikisha ipo, kwa sababu magari haya yakifika kutoka Japani wakati mwingine vitu vidogo hivyo vimekwisha kutembea. Maji ya kunywa ya kutosha. Kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye udongo wetu jeki inazama badala ya kuinua. Usiingie njia ya udongo baada ya saa kumi na moja jioni, kwa ajili ya viboko na kwa ajili ya polisi, ambao watakurudisha. Ukipita Kirinyaga Road nichukulie raba mbili za ekseli za Aqua pamoja na vibanio vyake, na pakiti ya klipu za bampa, hapa wanaziuza kwa bei ya dhahabu. Pesa nitakurudishia mkifika, au nitakata kwenye mahari uliyobakisha.

Msalimie dada, na wanangu wote.

Shemeji wako,
Malindi